Jinsi ya Kuchagua Jina la Jarida la Kitaaluma la Wanafunzi

Bodi ya jarida la wanafunzi haikai. Mhariri mkuu anahitimu, mweka hazina anakwenda mafunzo kwa vitendo, mlezi kutoka idarani anapata likizo ya masomo. Kinachobaki ni jina. Ndilo litakaloandikwa kwenye marejeleo ya tasnifu za watu, kwenye wasifu wa kila aliyechapisha humo, na kwenye kumbukumbu za usajili. Nembo mnaweza kuibadilisha mwakani na tovuti mnaweza kuihamisha, lakini jina likibadilika jarida huhesabiwa kuwa jingine. Kwa hiyo litengeeni wiki tatu au nne za kazi kabla hamjachora nembo wala kufungua ukurasa wowote.

Anzeni na karatasi moja

Kabla mtu hajataja jina, kamati iandike ukurasa mmoja unaojibu mambo haya: nani ataandika (shahada ya kwanza tu, au na wa uzamili), fani ipi, lugha ipi, matoleo mangapi kwa mwaka, litatoka kwa chapa au mtandaoni, na mwenye jarida ni nani. Swali la mwisho hurukwa mara nyingi, nalo ndilo linaloleta ugomvi baadaye. Jarida la chama cha wanafunzi, jarida la idara na jarida la kikundi cha marafiki ni vitu vitatu tofauti. Mkitaka jina la chuo liwemo ndani ya jina la jarida, mnahitaji kibali cha maandishi kutoka kwa uongozi wa chuo. Ruhusa ya mdomo ya mhadhiri mmoja haitoshi. Ombeni mapema, kwa sababu barua ya namna hiyo hupita ofisi kadhaa.

Kuhusu fani, kosa la kawaida ni kujibana. Kamati ya wanafunzi wa isimujamii inalipatia jarida jina la isimujamii, mwaka wa pili makala zinazoletwa nyingi ni za fasihi na tafsiri, na bodi inabaki ama kuzikataa ama kuchapisha visivyolingana na jalada. Pimeni fani kwa makala mnazoweza kweli kuzipata. Jarida linalotaka kuingia kwenye DOAJ, faharasa ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, hutakiwa kuchapisha angalau makala tano za utafiti kwa mwaka. Kama somo mlilochagua haliwezi kutoa makala tano nzuri za wanafunzi kila mwaka, jina hilo ni jembamba mno.

Amueni umbo la jina

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na unastahili kikao chake peke yake.

Umbo la kwanza ni jina la maelezo, lile linalosema kila kitu: jarida, la nani, la fani gani, la chuo kipi. Uzuri wake ni kwamba halihitaji kufafanuliwa. Ubaya wake ni urefu, kufanana na mengine, na kubeba ndani yake mambo yanayoweza kubadilika. Vyuo hubadilika majina. Chuo cha uongozi cha IDM Mzumbe kikawa Chuo Kikuu Mzumbe mwaka 2001, na chuo kikuu kishiriki cha Muhimbili kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS, mwaka 2007. Jarida lililojifunga kwa jina la zamani la chuo hulazimika kubadilika nacho. Ndiyo maana kutaja jiji au nchi ni salama kuliko kutaja chuo. Dar es Salaam Medical Students' Journal la wanafunzi wa Muhimbili lilichukua jina la jiji.

Umbo la pili ni neno moja au mawili: Mulika, Kiswahili, Kioo cha Lugha. Hukumbukwa upesi na hukaa vizuri kwenye jalada. Udhaifu wake ni kwamba peke yake halisemi fani, na neno la kawaida huzama kwenye utafutaji wa mtandaoni.

Ushauri wetu ni kuyaunganisha: neno moja au mawili juu, na chini yake jina dogo la maelezo. Tuseme Upeo juu, na chini yake “Jarida la Wanafunzi wa Sayansi za Jamii”. Sababu yake si uzuri tu. ISSN, ile namba ya tarakimu nane ya kutambulisha majarida, hutolewa kwa jina kuu, na jina dogo kwa kawaida halihesabiki. Mkipanua fani baada ya miaka mitano, mnabadilisha jina dogo na namba inabaki ile ile. Fani ikikaa ndani ya jina kuu, kuipanua ni kuanza upya.

Kanuni ya ISSN inafaa kila mjumbe aifahamu. Mkibadilisha, mkiongeza, mkiondoa au mkipanga upya neno lolote kati ya matano ya mwanzo ya jina kuu, hilo ni badiliko kubwa na namba mpya inahitajika. Viunganishi navyo ni maneno: katika “Jarida la Wanafunzi wa Sheria Afrika Mashariki”, matano ya mwanzo yanaishia kwenye “Sheria”. Kwa hiyo jina refu la maelezo linaweka sehemu yake inayobadilika zaidi, yaani fani, ndani ya eneo lililofungwa. Baada ya maneno hayo matano, badiliko huwa kubwa endapo linageuza maana au somo la jarida, au endapo taasisi iliyotajwa ndani ya jina imebadilika. Mabadiliko madogo, kama kuandika “na” mahali pa alama ya “&”, au kuongeza neno la aina kama “jarida”, hayahitaji namba mpya.

Kuna faida nyingine ya kutoanza na “Jarida la”. Kwenye orodha ya maktaba au ya marejeleo, majina yote yanayoanza hivyo hurundikana kwenye herufi J, na msomaji anapita kwenye safu ndefu ya majina yanayofanana. Lianze na neno lenu wenyewe.

Angalieni majina yaliyotangulia

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya majina ya machapisho ya vyuoni, na kuyajua kunasaidia kuchagua. Katika miaka michache kabla na baada ya 1970, majarida ya fasihi ya vyuo vitatu yaliacha majina ya kigeni. Penpoint la Makerere, lililoanza mwaka 1958, likawa Dhana. Nexus la Nairobi likawa Busara. Darlite la Dar es Salaam likawa Umma. Jarida la iliyokuwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili lilianza mwaka 1930 kwa jina refu la Kiingereza lililotaja kamati yenyewe, baadaye likaitwa Swahili, na mwishowe Kiswahili. Mabadiliko yote hayo yalikuwa na sababu nzuri. Hata hivyo mtafiti anayetaka mfululizo mzima leo analazimika kutafuta kwa kila jina, na maktaba nyingi zina kipande tu cha mfululizo huo. Kama mnajua tokea sasa kwamba mnataka jina la Kiswahili, lichukueni leo, msianze na la Kiingereza la muda.

Mfano unaowahusu wanafunzi moja kwa moja ni Cheche, lililoanzishwa mwaka 1969 na wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU. Jina lilifuata magazeti mawili ambayo majina yake nayo maana yake ni cheche: Iskra la Lenin na The Spark la Ghana ya Nkrumah. Ndani yake zilitoka kazi zilizosomwa mbali sana, ukiwemo uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Novemba 1970 lilipigwa marufuku, na jina lake likawa sehemu ya hoja: kwamba kuazima kwa Warusi kulionyesha kana kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Vijana wa TANU walipotoa jarida lililofuata, waliliita MajiMaji, jina la vita vya 1905 hadi 1907. Hatusemi Cheche lilikuwa jina baya. Lilikuwa jina zuri, fupi, na lenye maana. Ila mkiazima jina mnaazima na historia yake, na kamati inapaswa kujua jina hilo litasomwaje na mkuu wa chuo, na mfadhili, na msomaji wa chama chochote.

Kusanyeni majina, kisha yapunguzeni

Kila mjumbe alete majina matano kwenye karatasi bila kuandika jina lake. Kamati ya watu saba itapata kama thelathini na tano. Siku hiyo msijadili. Andikeni yote kwenye orodha moja kwa alfabeti na mwende nyumbani. Jina likishajulikana ni la nani, watu huanza kumtetea mtu badala ya kupima jina, na hasa likiwa la mwenyekiti.

Kikao cha pili kiondoe yasiyofaa kwa sababu za wazi, mpaka yabaki sita au saba. Haya ndiyo yanayoondolewa mara nyingi.

Majina yenye “Kimataifa” au “Ulimwengu” kwenye jarida la wanafunzi wa chuo kimoja. Majarida ya kitapeli, yale yanayochapisha chochote kwa malipo, yamependa sana maneno hayo, na mhakiki makini akiyaona kwenye jarida changa huanza kushuku. Kanuni za uwazi ambazo DOAJ na COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, wanazikubali zinasema bayana kwamba jina lisichanganywe na la jarida jingine wala lisipotoshe kuhusu asili yake au uhusiano wake na taasisi.

Majina yanayogusana na jarida la walimu wenu. Chuo Kikuu cha Strathmore kina Strathmore Law Review, linaloendeshwa na wanafunzi, na Strathmore Law Journal kando yake. Tofauti ni neno moja, na anayenukuu lazima awe mwangalifu. Kama idara yenu ina jarida tayari, chagueni jina la mbali kabisa.

Maneno yenye maana mbili. “Mwanga” ni mfano mzuri. Ni nuru, ni mtu wa uchawi wa usiku, na pia ni wilaya ya Kilimanjaro. Mwanga wa Lugha la Chuo Kikuu cha Moi halina shida hiyo kwa sababu neno la pili limefunga maana. Neno likiwa na maana mbili, ama lifungeni hivyo ama liacheni. Waulizeni wazee na watu wa Pwani na wa Bara, kwa sababu neno la heshima mahali pamoja linaweza kuwa la mzaha mahali pengine.

Na vifupisho. Andikeni herufi za mwanzo za kila jina na muzisome kwa sauti. “Jarida la Elimu na Lugha za Afrika” linatoa JELA. “Jarida la Utafiti wa Historia ya Afrika” linatoa JUHA. Watu watalifupisha jina lenu mtake msitake, na OJS, programu ya kuendeshea jarida mtandaoni ambayo majarida mengi ya vyuo huitumia, inawadai kifupisho wakati wa kufungua jarida.

Yatafuteni kweli

Majina sita yaliyobaki yatafutwe moja moja, na kila jina lipewe watu wawili wanaofanya kazi bila kuonana. Tafuteni kwenye tovuti ya ISSN, kwenye AJOL, tovuti ambako majarida mengi ya Afrika yapo, kwenye Google Scholar, kwenye katalogi ya maktaba ya chuo chenu na ya vyuo jirani. Kisha tafuteni magazeti, vyama, makampuni, makanisa na vikundi vya uimbaji. Kama jina lina sura ya biashara, angalieni pia alama za biashara zilizosajiliwa, BRELA kwa Tanzania Bara na KIPI kwa Kenya.

Tafuteni jina peke yake, kisha ndani ya alama za kunukuu, kisha pamoja na neno “jarida”. Mkiweka “Dira” peke yake, matokeo yatajaa Dira ya Taifa ya Maendeleo, ile ya 2025 na ile ya 2050. Tena liliwahi kuwa gazeti la Zanzibar. Jarida lenye jina hilo lingehitaji miaka kuonekana. Msitegemee ISSN iwalinde. Usajili wake hauzuii majarida mawili kuwa na jina moja. Kituo cha ISSN huongeza tu mabano ya kutofautisha, mfano “Dira (Dodoma)”, na mabano hayo yatawafuata kwenye hifadhidata zote.

Kuna tatizo la Kiswahili peke yake ambalo watu huligundua wamechelewa: kibainishi cha ng'. Tuseme mmechagua Ng'amua. Anwani ya tovuti haipokei alama hiyo, kwa hiyo itakuwa “ngamua”, na huko msomaji ataliona kuwa neno jingine. Simu huandika kibainishi kilichopinda, kompyuta huandika kilichonyooka, na baadhi ya mifumo huyahesabu maneno hayo kuwa mawili tofauti. Matokeo yake ni manukuu ya jarida moja kugawanyika mafungu mawili matatu. Majina yenye ng' ni matamu mno masikioni, lakini kwa jarida tunashauri yaachwe.

Yapimeni kwa sikio na kwa marejeleo

Mpigieni simu mtu asiye wa fani yenu, mtajieni jina mara moja, aliandike na kuwatumia. Fanyeni hivyo kwa watu kumi. Wakikosea watatu au zaidi, jina lina tatizo. Yanayokosewa sana ni yenye dh, gh na th, na yenye r na l kwa wale ambao lugha zao za kwanza hazizitofautishi. “Dhana” huandikwa “Zana”, na hizo ni habari mbili tofauti.

Baada ya hapo andikeni rejeleo la mfano kwa kila jina: mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida, juzuu, namba, kurasa. Liandikeni kwa mtindo unaotaja jina kamili, na kwa mtindo unaofupisha kama wanavyofanya watu wa tiba. Kwa kanuni ya ufupisho ya ISO 4, jina la neno moja halifupishwi, na hiyo ni pointi nyingine kwa majina mafupi. Jina linalokula mistari miwili kwenye orodha ya marejeleo litafupishwa na kila mtu kwa namna yake.

Jaribuni pia kulitumia ndani ya sentensi. Mtasema “Upeo umetoka” au “Upeo limetoka”? Zote mbili husikika. Amueni moja mapema na muiweke kwenye mwongozo wa uandishi. Njia rahisi ni kuandika “jarida la Upeo limetoka” kila inapowezekana.

Pigeni kura

Leteni majina matatu tu kwenye kura ya mwisho, kila moja na ukurasa wa matokeo ya utafutaji na upimaji. Kura iwe ya siri, na mshindi apate theluthi mbili ya wajumbe. Asipopatikana, la mwisho litoke na mrudie. Mlezi wa jarida aruhusiwe kupinga jina kwa sababu aliyoiandika, basi. Msipeleke majina kwenye kura ya mtandaoni kwa wanafunzi wote. Huko hushinda jina la kuchekesha, na majina yenu mazuri yanabaki hadharani kwa yeyote kuyachukua. Muhtasari wa kikao uandike jina herufi kwa herufi, pamoja na herufi kubwa, nafasi na jina dogo. Maji Maji, Majimaji na MajiMaji ni maandishi matatu, chagueni moja.

Lisajilini kwa mpangilio

Siku jina linapopita, chukueni anwani ya tovuti, barua pepe na kurasa za mitandao ya kijamii kabla ya kutangaza. Anwani za .ac.tz na .ac.ke ni za taasisi za elimu, kwa hiyo kikundi cha wanafunzi hupitia chuo. Ni afadhali kupata nafasi ndogo chini ya tovuti ya chuo kuliko kununua anwani kwa fedha ya mwanachama mmoja, ambaye akihitimu haitalipiwa tena na jarida litapotea.

Kwenye OJS, sehemu inayoitwa njia (path) ndiyo inayoingia kwenye kiungo cha kila makala. Inakubali herufi, tarakimu, vistari vya kati na vya chini. Ifanyeni fupi, ya herufi ndogo, na isiyo na mwaka wala jina la mtu. Mkiibadilisha baadaye, viungo vyote vilivyokwisha kunukuliwa vinakufa.

ISSN ombeni kupitia kituo cha nchi yenu, na kama nchi haina kituo, kupitia kituo cha kimataifa kilichoko Paris. Toleo la chapa na la mtandaoni kila moja lina namba yake. Namba huandikwa tarakimu nne, kistari, tarakimu nne, na alama ya mwisho inaweza kuwa X. Mpiga chapa asiichukulie kuwa kosa akaifuta. Jina kwenye jalada, kwenye tovuti, kwenye ukurasa wa kwanza wa kila makala na kwenye fomu ya ISSN liwe moja. Maombi ya DOAJ hukwama kwa jambo hilo, kwa sababu wao hulinganisha jina la tovuti na lililoko ISSN. Kwa majarida ya wanafunzi wanataka pia angalau watu wawili wenye shahada ya uzamivu au sifa inayolingana nayo kwenye bodi ya ushauri, kwa hiyo watafuteni mapema.

Ikibidi kubadilisha

Pengine mmerithi jina lisilofaa. Subirini juzuu iishe, msibadilishe katikati ya mwaka. Ombeni ISSN mpya miezi kadhaa kabla, na muwajulishe kituo jina la zamani ili rekodi mbili ziunganishwe. Makala za zamani zibaki na jina lake la zamani, namba yake ya zamani na viungo vyake. Kuzibandika jina jipya ni kuwaharibia waliokwisha kuzinukuu. Kwenye ukurasa wa mbele wa toleo la kwanza jipya andikeni “Awali liliitwa”, jina la zamani, juzuu zake na miaka yake, na mstari huo uendelee kuwepo kwenye tovuti kwa kudumu. Hesabu ya juzuu mnaweza kuendeleza au kuanza na 1, ila uamuzi huo uandikwe hapo hapo kwenye mstari huo, ili mkutubi asidhani kuna matoleo yaliyopotea.